Weupe Chini ya Sikio

Asubuhi ile Abeni Oyelaran aliziona chale shingoni mwa mgonjwa wake, akanyamaza. Zilikuwa mistari midogo myeusi iliyopangwa chini ya sikio la kushoto, na zilijitokeza pale tu mama yule alipofungua kilemba chake cha kukakamaa na kukiweka juu ya kiti. Abeni aliziona. Mama naye aliona kwamba zimeonekana. Kila mmoja akatazama kwake.

"Una chuma chochote mwilini, Mama?" Abeni aliuliza, kama anavyomuuliza kila mtu kabla ya kumwingiza kwenye mashine ya MRI. "Risasi, pini ya mfupa, betri ya moyo, meno ya bandia?"

"Chuma anacho mume wangu, kifuani, pale wenzake walipowekewa moyo."

Wakacheka wote wawili, na swali likapita.

Iya Ayoka Popoola si mtu wa kuchokonolewa. Ni alaga, msemaji wa kike wa sherehe za posa, na mjini Ibadan ni shida kupata familia iliyooza binti isiyomjua. Ndiye husimama kati ya wakwe, akaimba, akatania, akamlaza bwana harusi na rafiki zake kifudifudi mbele ya wazazi wa binti na kuwaacha hapo mpaka jasho liwatoke. Jumapili huvaa nguo nyeupe za shemasi na kukaa safu ya mbele, katika kanisa ambalo mchungaji wake huwalaani waganga kwa majina. Mwanamke wa namna hiyo haulizwi habari za chale na msichana wa hospitali, hata kama msichana huyo ana miaka arobaini na kitu na mwanawe yuko chuo kikuu.

Kilichomleta ni uvimbe ulioota mbele ya sikio, ndani ya tezi ya mate. Sindano ilikwisha kuonyesha kuwa ni saratani, na Dk. Fagbenle, daktari wa upasuaji, alipanga kumpasua kesho yake. Lilibaki swali moja. Ndani ya tezi hiyo hupita neva inayoendesha nusu nzima ya uso: ndiyo hufumba jicho, hupandisha shavu, huvuta mdomo mtu anapocheka. Ikiwa saratani haijaishika, daktari huubandua uvimbe taratibu na kuiacha neva. Ikiwa imeishika na kuifuata hadi kwenye tundu la mfupa inakotokea, chini ya sikio, neva hukatwa pamoja na uvimbe, na uso wa upande huo huanguka.

"Uso ndio duka langu," Iya Ayoka alimwambia Fagbenle. "Ukitaka kulibomoa, nijulishe mapema nitafute kazi nyingine."

Jibu lilitegemewa kutoka kwa picha za Abeni.

Abeni alizaliwa Ogbomoso, katika ukoo wa wahunzi. Alikua akivukuta moto wa baba yake kabla ya kwenda shule, na mpaka leo ana kovu la cheche juu ya kifundo cha mkono. Alisomea eksirei, akafanya kazi hiyo miaka mingi, na hospitali ilipoletewa mashine ya MRI akachaguliwa kwenda kujifunza kwa sababu ndiye pekee ambaye hakulalamika kwamba ni mbali. Ni mtu wa utaratibu. Hula wali wake wa ofada saa ile ile, kwenye kiti kile kile, na wenzake humtania kwamba hata pilipili huipanga. Katika idara yake anasifiwa kwa jambo moja hasa: ndiye aliyetunga mpango mfupi wa siku umeme unapokatika na mashine ikaendeshwa kwa jenereta, ule unaopunguza picha za kila mgonjwa ili foleni iishe kabla dizeli haijaisha.

Picha aliyoamua kuiruka kwa wagonjwa wa kichwa na shingo ilikuwa ile ya kawaida, inayopigwa kabla ya dawa ya kung'arisha kuchomwa mshipani. Hoja yake ilikuwa na maana. Kichwa na shingo vimejaa mafuta katikati ya misuli na mifupa, na kwenye picha ya kawaida mafuta huonekana meupe. Ugonjwa nao, ukishanywa dawa ya kung'arisha, huwa mweupe. Weupe juu ya weupe, huoni kitu. Kwa hiyo baada ya dawa mashine huamriwa kuzima mafuta: hutuma wimbi linalolenga mafuta peke yake, yakawa meusi, na kinachobaki kikimeta ni ugonjwa. Picha hiyo ni nzuri, madaktari huipenda. Abeni alijiuliza, kama ipo hiyo, ile ya kawaida ni ya nini?

Siku ile walikuwa kwenye jenereta. Iya Ayoka alipigwa picha kwa mpango mfupi, akarudishwa wodini.

Alasiri Dk. Ekanem alimwita Abeni. Ekanem ndiye daktari anayesoma picha, mtu wa Calabar, mfupi, mcheshi, aliyekaa Ibadan muda mrefu na bado hawezi kusalimu kwa Kiyoruba bila watu kucheka. Safari hii hakutania.

"Dada Abeni, njoo uone."

Kwenye kioo cha kompyuta, upande wa kushoto, uvimbe uling'aa. Kutoka kwenye uvimbe ulipanda mkanda mweupe hadi chini ya sikio, pale pale kwenye tundu la mfupa.

"Imepanda na neva," Ekanem alisema. "Nimekwisha kuandika nusu ya ripoti. Fagbenle anakutana na familia leo hii kabla hajaondoka, anataka kuwaambia mapema kwamba neva inakwenda. Nipe ile picha ya kawaida nilinganishe, nisaini."

"Haipo, Daktari. Tumeiruka."

"Nani kairuka?"

"Mimi. Ni mpango wa jenereta."

Ekanem aligeuza kiti. "Wa shingo pia?"

"Wa shingo pia. Hukuwahi kulalamika."

"Sikuwahi kuwa na neva ya uso mezani siku ya jenereta." Akarudi kwenye kioo, akagusa doa dogo jeusi kwenye ngozi, kando ya ule mkanda mweupe. Lilikuwa kama shimo lililotobolewa kwenye picha. "Na hiki nini? Mmemwacha na pini ya nywele?"

Abeni alijua ni nini kabla Ekanem hajamaliza kuuliza.

"Ni chale," alisema. "Za mganga. Anazo chini ya sikio."

"Chale za ngozi zinaharibu picha?"

"Si chale, ni dawa iliyopakwa humo. Wengine huchanganya masizi na unga wa chuma. Watu walikuwa wanakuja kwa baba yangu kuokota magamba yanayodondoka kwenye fuawe, wakayasage. Mimi mwenyewe nimewafungia kwenye majani."

Ekanem alilielewa jambo lenyewe haraka kuliko alivyolisema Abeni. Wimbi la kuzima mafuta hulenga vizuri pale tu sumaku ya mashine ilipo sawasawa. Karibu na chuma, hata kidogo, sumaku hupinda, wimbi hukosa shabaha, na mafuta yasiyozimika hubaki meupe. Mkanda ule ungeweza kuwa saratani. Ungeweza pia kuwa mafuta ya shingo ya mama wa watu, mazima, yasiyo na hatia yoyote.

"Uliziona chale asubuhi?"

"Niliziona."

"Ukanyamaza."

"Ni mama mtu mzima, Daktari. Ni shemasi. Ningemwambia nini? Akane mbele yangu, halafu aingie kwenye mashine amekasirika?"

"Kwa hiyo kwa adabu yako, dada yangu, nusura nimpe Fagbenle kibali cha kumkata uso." Hakupaza sauti. "Na usifurahi bado. Chuma kuwepo hakumaanishi saratani haipo. Inawezekana vyote viwili viko pale."

Alimpigia Fagbenle simu. Abeni alisikia upande mmoja tu: ndiyo, kuna shaka, hapana, siwezi kusaini, nipe muda. Aliposhusha simu alisema, "Anamaliza kliniki kisha anaongea na familia. Akishaondoka leo, kesho anaingia chumba cha upasuaji na alicho nacho. Nataka picha ya kawaida, na nataka ile mbinu ya Dixon." Hiyo ni njia nyingine ya kuyaondoa mafuta: mashine hailengi wimbi, hupima mara mbili kisha hukokotoa yenyewe yapi ni mafuta na yapi ni maji. Huchukua muda zaidi, lakini haipotezwi kirahisi na sumaku iliyopinda. "Dawa ya asubuhi itakuwa imeshatoka kwa mkojo, karibu yote. Ila simrudishi ndani bila kujua amepakwa nini. Chuma kwenye ngozi huunguza. Nenda ukamuulize."

"Mimi?"

"Nimuulize mimi, mtu wa Calabar? Ataniozesha papo hapo."

Wodini, kitanda cha Iya Ayoka kilizungukwa na wanawake wa kanisa, wote wamevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi viatuni, wakiimba kwa sauti ya chini. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo. Abeni alipiga goti kumsalimu.

"Huyu ndiye aliyenifungia kwenye pipa asubuhi," Iya Ayoka aliwaambia wenzake. "Pipa linagonga kama wahunzi wana harusi. Inuka, mwanangu. Umeniletea majibu?"

"Bado, Mama. Nina neno dogo. Tukae pembeni kidogo."

"Pembeni ya nini? Hawa ni dada zangu. Wanajua mpaka tundu la sketi yangu."

Wanawake walicheka. Mmoja, mwenye miwani, hakucheka. Alimtazama Abeni kuanzia juu hadi chini. Abeni alijua kwamba akilitaja neno hapo, litafika kwa mchungaji kabla ya jua kutua. Alijua pia kwamba Fagbenle anamaliza kliniki.

"Mashine inakuhitaji tena, Mama," alisema. "Kuna picha niliikosea. Kosa ni langu."

Hilo lilimwinua. Waliingia kwenye korido, mama amejifunga kanga kichwani badala ya kilemba, na Abeni akasimama mahali pasipopita watu.

"Mama, unisamehe. Zile chale chini ya sikio, zilipakwa nini?"

"Chale gani? Huo ni upele wa joto."

"Mama."

"Nimesema upele. Au mchungaji ndiye amekutuma? Yule mwenye miwani ndiye aliyekuambia, sio? Nilijua kile kimya chake."

"Hakuna aliyeniambia. Baba yangu ni mhunzi, Ogbomoso. Nazijua chale, na dawa yake naijua pia. Kama kuna chuma ndani, kimetudanganya kwenye picha. Daktari anaona kitu cheupe hapa," akajigusa chini ya sikio lake, "na hajui kama ni ugonjwa au ni chuma kinamchezea. Akidhani ni ugonjwa, kesho neva inakatwa."

Iya Ayoka aliegemea ukuta. Uso wake, ule unaojulikana na mji mzima, ulitulia kabisa, na kwa mara ya kwanza Abeni aliona umri wake.

"Mama yangu mzazi," alisema hatimaye. "Uvimbe ulipoanza alinipeleka kwao kijijini. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, huku yule mzee anachanja. Mama yangu haoni vizuri siku hizi, mwanangu. Ungemwambia nini? Kwamba wewe ni shemasi?"

"Nisingemwambia kitu."

"Ilikuwa nyeusi, inawasha. Mzee alisema ni ya moto wa chuma, ikaufukuze uvimbe." Akashusha pumzi. "Na asubuhi mle ndani paliniunguza. Kama kibiriti kimewekwa pale."

"Nilikupa mpira wa kuminya uniite, Mama! Kwa nini hukuuminya?"

"Niuminye, uje uniulize panauma wapi?" Alimtazama. "Nawe uliziona. Usinikatalie, nilikuona ulivyogeuza macho. Uongo tuliusema wawili."

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende. Usinitembeze kama mgonjwa."

Ekanem alikuwa akiwasubiri kwenye chumba cha mashine. Aliziangalia chale kwa taa ndogo, akauliza maswali mawili, akakubali. Abeni alilowesha kitambaa kwa maji ya friji, akakibandika juu ya chale ili ngozi isiungue, kisha akafunga juu yake ile kofia ya plastiki inayopokea picha za kichwa na shingo.

"Sasa, Mama, safari hii usimeze mate mpaka kelele iishe. Usiongee. Usiimbe moyoni, maana ukiimba moyoni koo linacheza."

"Umeniua. Kazi yangu yote unaijua, halafu unaniambia hivyo?"

"Na pakiunguza, minya."

"Nitaminya. Safari hii nitaminya mpaka upasuke."

Jenereta lilikuwa linanguruma nje ya ukuta kwa sauti isiyolingana, kama gari linalopanda mlima na mizigo. Abeni alianza na picha ya kawaida. Mashine iligonga. Kupitia kioo aliona miguu ya Iya Ayoka tu, vidole vimekazwa. Picha ilikuwa imefika zaidi ya nusu pale taa ziliponywea na kurudi. Kelele ikakatika. Skrini ikaandika kwamba kazi imesimama.

"Imeondoka yote?" Ekanem aliuliza.

"Yote."

"Dizeli?"

"Fundi alisema inatosha mpaka jioni. Alisema hivyo pia wiki iliyopita." Akabonyeza kipaza sauti. "Mama, umeme umetuchezea. Tunaanza upya. Pameungua?"

"Pana joto, lakini si lile la asubuhi." Sauti ilitoka ikiwa ndogo. "Abeni."

"Naam, Mama."

"Usiniambie uongo mwingine. Ukiona, niambie."

"Siruhusiwi kukuambia, Mama. Daktari ndiye husema. Lakini uongo sitakuambia."

Akabonyeza kuanza. Ekanem alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Simu ya mezani ililia, akaiinua na kusema "Bado," akairudisha. Mashine iligonga, ikapumzika, ikagonga. Mara moja vidole vya miguu vilikunjuka na kukunjana tena, na Abeni akajua kwamba mama amemeza mate. Aliomba tu iwe ilikuwa katika mapumziko.

Picha ya kawaida ilitokea kipande kwa kipande. Abeni alivishusha kimoja kimoja, kutoka juu ya fuvu kuja chini, mpaka usawa wa sikio. Hapa kanuni hugeuka: kwenye picha hii weupe ndio uzima. Mafuta mazima hubaki meupe, na saratani ikiyaingia huyatia weusi. Chini ya sikio la kulia, kwenye mdomo wa tundu la mfupa, kulikuwa na pembetatu ndogo nyeupe. Akasogeza kushoto.

Pembetatu ilikuwepo. Nyeupe, kingo zake zimenyooka, na katikati nukta ya neva.

Ekanem aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Endelea. Nipe Dixon."

Dixon ilichukua muda mrefu, au ndivyo ilivyoonekana. Ilipotoka, mashine ilikuwa imetenga mafuta upande wake na maji upande wake. Karibu na chale kulikuwa na doa jeusi bado, lakini ule mkanda mweupe uliopanda juu haukuwepo. Ulikuwa umehamia wote kwenye picha ya mafuta. Abeni aliachia pumzi.

"Subiri," Ekanem alisema. "Shuka. Tena. Hapo."

Ndani ya tezi, ukingoni mwa uvimbe, uzi mwembamba ulielekea mbele, upande wa kona ya mdomo. Ulikuwepo kwenye picha ya asubuhi. Ulikuwepo kwenye hii pia, mbali na chale.

"Huu si wa chuma," alisema. "Shina ni safi. Tawi la chini silipendi." Akaokota simu na kumpigia Fagbenle, akamwambia maneno hayo hayo.

Walipomtoa Iya Ayoka, alikaa ukingoni mwa meza ya mashine na kumsoma Abeni usoni kama anavyowasoma wakwe. Abeni hakugeuza macho. Mama aliitikia kwa kichwa polepole, akaomba apewe maji anywe, akisema amemeza mate ya kutosha kwa siku moja.

Kabla ya kwenda nyumbani Abeni aliufungua mpango mfupi kwenye kompyuta na kuirudisha picha ya kawaida kwa kila kichwa na kila shingo, jenereta au umeme. Foleni ya kesho ingerefuka. Alimwandikia mkuu wa idara sababu, pamoja na lile la chale, na hakuficha kwamba aliziona.

Siku ya upasuaji alifanya kazi yake yote bila kuuliza habari. Aliuliza jioni, akaambiwa mama ametoka salama. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alikwenda wodini na kumkuta Fagbenle kando ya kitanda. Kichwa cha Iya Ayoka kilikuwa kimefungwa bandeji. Wanawake wa kanisa hawakuwepo.

"Fumba macho," Fagbenle alisema. "Kaza."

Jicho la kulia lilifumba. La kushoto lilishuka taratibu, likasita, Abeni akashika nguzo ya kitanda. Kisha likafumba lote.

"Pandisha nyusi."

Zikapanda zote mbili.

"Sasa tabasamu."

Kulia kulitabasamu. Shavu la kushoto lilipanda, lakini mdomo wa chini upande ule ulibaki ulipo, na tabasamu likatoka limepinda.

"Tawi moja dogo lilikuwa limeshikwa, Mama," Fagbenle alisema. "Nimelitoa. Mengine yote yako. Utaongea, utaimba. Hiyo kona haitashuka nawe ukicheka." Akamgusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Iya Ayoka aliomba kioo. Abeni akampa kile cha simu yake. Alijitazama kwa muda mrefu, akatabasamu, akaacha, akatabasamu tena, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hii ya chini," alisema, maneno yakitoka mazito. "Ungeniuliza mapema, ingepona?"

"Hapana, Mama. Ile ilikuwa ugonjwa kweli."

"Na jicho?"

"Jicho lingeondoka. Na shavu. Hayo yangekuwa makosa yangu."

"Yangekuwa yetu," Iya Ayoka alisema. "Mimi nilikuwa na mpira mkononi." Akamrudishia simu. "Nimemwambia mchungaji. Amekuja asubuhi kuomba, nikamwambia kabla hajafumba macho. Wenye miwani watafurahi."

"Akasemaje?"

"Aliomba kwa kifupi sana."

Abeni alimmiminia maji kwenye kikombe. Mama alikunywa, na maji yakachuruzika kwenye kona ya kushoto hadi kidevuni. Abeni alinyoosha mkono na kitambaa. Iya Ayoka aliusukuma mkono ule pembeni, akajifuta mwenyewe, akanywa tena.